Kidole cha Mama Mkwe

Kuna watu wanaokula ili waishi, na kuna Tobias. Kazi yake ni asali. Anaifuata msituni Sikonge kwa pikipiki, anaileta Tabora kwenye madumu, anaiuzia nyumbani kwake Cheyo, na kwa tumbo alilo nalo hakuna mteja aliyewahi kumuuliza kama asali ile inajenga mwili. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akishindwa kula chakula chake, mezani kwake, ugali ukifuka moshi mbele yake, ujue lililomfika si dogo. Lililomfika lilikuwa kidole cha mguu.

Lakini tuanze na meza. Mkewe Agnetha aliiomba meza hiyo tangu walipooana. Hakutaka dhahabu wala safari ya kwenda kuona bahari, alitaka chumba cha kulia, mlango wake, meza yake, na mume akiwa amekaa upande wa pili. Miaka yote Tobias alikula barazani na wateja wake na yeyote aliyepita akaitwa karibu, Agnetha akala jikoni na watoto. Alivumilia. Watoto walikuwa wengi, nyumba ilikuwa ndogo, na ndivyo watu walivyoishi. Kisha watoto wakaondoka mmoja mmoja mpaka akabaki Limbu, na Limbu alipopata kazi Mwanza, Agnetha akamwambia mumewe, "Baba Julieth, sasa tumebaki wawili. Wewe unakula barazani, mimi nakula jikoni. Tumegombana?"

Tobias aliona aibu, na mtu mwenye aibu huahidi haraka. Akaahidi chumba. Akakijenga upande wa uani, kipana, na mlango wa mbao mbili unaofunguka nje. Akanunua meza ya mninga ya watu wanane ili watoto wakija likizo pawatoshe. Julieth, binti yao mkubwa aliyeko Dar es Salaam, akatuma pazia jeupe la mlangoni, na pamoja na pazia akatuma picha.

Zilikuja na basi, zimekunjwa ndani ya bomba la plastiki la maji. Zilikuwa sita, zimechapwa kwenye karatasi nzito kutoka kwenye michoro ya rangi ya msanii fulani aliyeonekana kuwapenda watu wa zamani: msafara wa wapagazi, mwanamke anapepeta mtama, mzee mwenye kiko, mpiga ngoma, soko la matunda, na bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda. Julieth alisema kwa simu kwamba ni seti, zisitenganishwe, zipangwe ukuta mmoja, tatu juu na tatu chini.

Kazi akapewa fundi Abbasi wa Mtendeni. Abbasi ni mtu wa mjini hasa, ukoo wake uko Tabora tangu enzi za misafara ya pembe, na hajawahi kumwacha mtu asahau jambo hilo. Amezitengenezea fremu picha za harusi, aya za Kurani, Bikira Maria, na marehemu wengi kuliko mchimba kaburi. Lakini alipozitandaza zile sita juu ya meza mpya alizitazama kwa muda mrefu, akakuna kichwa chini ya kofia.

"Hawa ni akina nani wenu?" aliuliza.

"Si ndugu," Agnetha alisema. "Ni picha tu za kupamba."

"Shemeji, hakuna mtu anayetundikwa ukutani kwa watu bila kuwa na undugu nao. Atakula nini humo?" Akainama tena. Ghafla akacheka, akagonga kidole kwenye ule msafara. "Basi huyu namjua! Huyu wa mwisho. Huyu ni babu yake babu yangu."

"Umemjuaje?"

"Watazame wenzake, kila mmoja na mzigo kichwani. Yeye peke yake hajabeba kitu. Kwetu ndivyo tulivyo."

Wakacheka wote, na Tobias alicheka kuliko wengine. Laiti angejua.

Abbasi alifanya kazi safi. Fremu za mninga, kioo, na kuzunguka kila picha ukingo wa kadibodi nyeupe. Akapima ukuta kwa utepe, akaweka pimamaji, akagonga misumari ya zege, na kufikia Jumapili adhuhuri, Tobias aliporudi kutoka kanisani kwa Wamoravian na Agnetha kwa Wakatoliki, picha zilikuwa zimekaa, tatu juu na tatu chini, mbele kabisa ya kiti cha baba mwenye nyumba. Agnetha alipakua ugali, samaki wa mto Ugalla na mlenda. Akanawa, akakaa. Alikuwa amevaa kitenge kipya, jambo ambalo mumewe hakuliona, lakini tumsamehe, alikuwa anatazama samaki.

Tobias alimega tonge, akalichovya, akalinyanyua. Njiani kuelekea mdomoni macho yake yakapanda ukutani, yakatua kwenye picha ya chini katikati, ya yule bibi kizee wa kwenye kigoda. Bibi alikuwa pekupeku. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetangulizwa mbele, na kwenye mguu huo kidole cha pili kilikuwa kimekipanda kidole gumba mgongoni, kama mtoto anayebebwa.

Tonge likarudi kwenye sahani. Tobias akasimama, akavua kofia, akageuka ubavu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," aliuambia ukuta.

Hapa inabidi tumtetee kidogo. Agnetha ni mtu wa Puge, na Tobias ni wa Sikonge, na kote kule mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Mkwe humtazami usoni. Mkwe hupishani naye njia nyembamba, unachepuka. Na kula mbele ya mkwe, ukapanua mdomo, ukatafuna, akaona ulimi wako, hilo ni sawa na kumvulia nguo. Wachungaji wamelihubiri jambo hili mpaka sauti zikakauka, na vijana wa leo wanapiga picha za simu na wakwe zao wamekumbatiana, lakini Tobias ni wa zamani, na haya haibatizwi. Tangu alipomwoa Agnetha, kila alipokwenda Puge alimsalimia mama mkwe, Apolinaria, akiwa amegeukia zizi la ng'ombe, macho chini. Na kwa kuwa macho yalikuwa chini, kitu alichokiona miaka yote hiyo ni mguu. Kidole kile alikijua kuliko alivyojua vidole vyake mwenyewe.

"Baba Julieth," Agnetha alisema, "unamsalimia nani?"

"Mama yuko pale."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Chini katikati."

Agnetha aliitazama picha. Akamtazama mumewe. Tobias alikuwa ameshatoka, kwa kurudi kinyumenyume, na sahani ameiacha, kwa sababu huwezi kubeba ugali mbele ya mkwe ukaenda nao kama mwizi. Jioni ile alikula mkate barazani. Agnetha alikula peke yake kwenye meza ya watu wanane, na kitenge chake kipya, na samaki wawili.

Jumatatu Abbasi akaitwa arudi na nyundo yake.

"Iondoe tu," alisema alipoelezwa. "Kitu gani kigumu?"

"Nimwondoe mkwe ukutani?" Tobias alishtuka. "Amekuja mwenyewe nyumbani kwangu, nimtoe nje? Nikamweke wapi, stoo, na madumu?"

"Mgeuze basi, aangalie ukuta."

"Kama mtoto aliyefanya kosa darasani?"

Abbasi alivuta pumzi. Akaanza kazi ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, hata wakoloni hawakumpa babu yake. Kwanza alimhamisha bibi nyuma ya kiti cha Tobias. Tobias akakaa, akanyanyua tonge, akasimama: alikuwa amempa mkwe mgongo. Fundi akampandisha juu kabisa karibu na dari. Tobias akakaa, akasimama: kutoka juu kule bibi alikuwa anaona mpaka ndani ya bakuli la mboga. Akamshusha chini karibu na sakafu. Hapo Tobias hata hakukaa. "Mimi niwe kwenye kiti na mkwe awe chini? Wewe Abbasi una dini kweli?" Akamtundika juu ya mlango wa ndani, na Tobias akasema basi hataingia humo tena maisha yake, kwani mlango wa kupita chini ya mkwe si mlango, na kwa kuwa ule wa uani ulizibwa na ngazi ya fundi, akatoka kwa dirisha. Kwa tumbo lile, shughuli ya kumtoa dirishani iliwahusu watu wawili na wakati wa kutosha.

Kila alipohamishwa bibi, wenzake nao walihamishwa, maana ni seti, wasitenganishwe. Mpiga ngoma alizunguka kuta zote. Wapagazi walisafiri mchana kutwa bila kufika. Ukuta mpya wa Tobias ukawa na matundu kama umepigwa risasi.

"Bwana Tobias," hatimaye Abbasi alisema, amekaa juu ya meza na misumari mdomoni, "tatizo ni kidole, sivyo? Kadibodi ninayo. Nauleta ukingo wa chini juu kidogo, nafunika mguu. Namkata hapa kwenye kifundo."

"Umkate miguu mama mkwe wangu!"

"Kwa kadibodi!"

"Na mimi nijue iko chini ya kadibodi, halafu nile?"

Abbasi akatema misumari mkononi. Alikuwa mtu mpole lakini upole nao una ukingo wake. "Sasa nikuulize. Mama Apolinaria mimi nilimtengenezea fremu ya picha ya marehemu mzee, alikuja dukani kwangu na shemeji hapa, tukaongea saa nzima. Uso wake si huu. Huyu wa kwenye picha ana uso mwembamba, pua ndefu. Unamtazama huyu unamwona mama yule?"

Tobias akaitazama sakafu, kwa mazoea.

"Uso sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kuuona."

Jikoni kitu kilianguka, sufuria au mfuniko. Agnetha akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomwogopesha mumewe.

"Hujui uso wa mama yangu," alisema.

"Ni heshima, Mama Julieth."

"Mimi najua ni heshima. Nimezaliwa Puge, utanifundisha?" Akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokipata. "Miaka yote nimeomba kitu kimoja. Nikae na wewe, tule. Ukajenga chumba, nikasema kumbe anasikia. Sasa umepata kidole kwenye karatasi. Kama hutaki kula na mimi, sema hutaki, usimsingizie mama yangu."

Tobias alitaka kusema kwamba anataka, kwamba jana usiku mkate ulimkwama kooni kwa ajili ya kiti kile kilichobaki kitupu, lakini yeye ni mtu wa asali na si wa maneno. Aliumia kweli, na hakujua aumie upande gani, wa mke au wa mkwe. Agnetha alinyanyuka, akachukua simu, akatoka uani. Wakamsikia anaongea Kinyamwezi, haraka haraka, na mara moja moja jina la Tobias likipita katikati.

Alhamisi Apolinaria alishuka kwenye basi la kutoka Puge akiwa na fimbo, kikapu, na kuku mweusi aliyefungwa miguu. Alikuwa mzee sana na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, lakini alitembea kama mtu anayekwenda kukata kesi. Tobias alipoona ncha ya fimbo inaingia getini alichepuka kwa mlango wa stoo, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa chumba cha kulia, upande wa nje, chini ya dirisha lile alilokwama Jumatatu.

Abbasi alikuwepo. Alisema amekuja kuziba matundu kwa simenti, lakini simenti yenyewe hakuja nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Yuko wapi huyo mimi?"

Wakampeleka mbele ya picha, ambayo wakati huo ilikuwa imerudi mahali pake pa kwanza. Apolinaria aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akiitazama kwa jicho zima. Alianza juu akashuka.

"Uso huu si wangu," mama mkwe alisema. "Huyu mtu ana pua ya watu wa mbali."

"Umesikia?" Agnetha alipaza sauti kuelekea dirishani.

"Ngoja, sijamaliza." Mama alikuwa amefika chini. Akainama, akajiegemeza kwenye fimbo, akavua ndala yake ya kulia. Akautanguliza mguu wake mbele ya ule wa kwenye picha. Abbasi akainama naye. Agnetha akainama. Wakatazama mguu, wakatazama picha, wakatazama mguu.

"Lo," alisema Abbasi.

"Kidole ni changu," Apolinaria alisema. "Ni changu kabisa. Nilizaliwa nacho. Kimefikaje Dar es Salaam?"

Hapo nyuma ya ukuta Tobias alijisikia mtu. Kwa siku nne alionekana mjinga nyumbani kwake, na sasa mwenye kidole mwenyewe amekiri. Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshinda.

"Na yeye yuko hapo dirishani," mama alisema. "Kikohozi hicho nakijua. Agnetha, muulize mkwe: uso wangu anaujua?"

Ingawa ukuta ulikuwa mmoja tu na dirisha lilikuwa wazi, Agnetha ilibidi aulize, maana mkwe na mkwe hawajibizani. "Mama anauliza kama unaujua uso wake."

"Mwambie hapana," Tobias alijibu chini chini.

"Anasema hapana."

"Na mimi wake siujui," Apolinaria alisema. "Najua kikohozi na pikipiki. Mwambie asijali, wakwe wote ndivyo. Mimi uso wa mama mkwe wangu niliuona siku ya kumuaga, amelala kwenye jeneza, nikasema kumbe alikuwa mzuri hivi. Na yeye ataniona siku hiyo. Foleni ikifika kwake atanitazama, hakuna wa kumkataza." Alisema bila uzito wowote, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni, lakini Agnetha aligeuka akajifanya anafuta vumbi mezani.

Kisha mama akakata shauri. Kwa uso, ule si yeye, mkwe ale. Kwa kidole, ni yeye, mkwe asile. Kwa hiyo fundi akifunike kidole kwa kadibodi, na kwa kuwa mwenye kidole ameruhusu kwa mdomo wake, hakuna atakayesema amekatwa. Abbasi hakungoja arudie. Akamshusha bibi, akafungua fremu kwa nyuma, akapandisha ukingo wa chini, akamrudisha. Alikuwa sasa bibi kizee wa kawaida, amekaa kwenye kigoda, wa watu wasiojulikana. Tobias alichungulia kwa kona ya dirisha, akaanza kukunja mikono ya shati.

Kuku mweusi akachinjwa. Abbasi ndiye aliyechinja, ili naye aweze kula, maana hakuwa na nia ya kuondoka. Agnetha alipika kwa namna ambayo majirani wawili walipita kuuliza chumvi. Mezani akatandika kitambaa, akaweka sahani ya mumewe upande wake, sahani yake upande wa pili, na za mama akapanga kuzipeleka uani baadaye, kwani hilo la wakwe kula pamoja hata yeye hakulifikiria.

"Mama, pita kwanza upumzike humu ndani, upoe," alimwambia.

Apolinaria akaingia. Akatazama picha nyingine kwa raha ya mgeni aliyemaliza kazi: wapagazi, mpepeta mtama, soko. Akafika kwa mzee wa kiko. Ghafla akajifunika kitenge mpaka puani, akapiga goti, na kwa wepesi ambao mtu wa umri wake hakupaswa kuwa nao akarudi kinyumenyume mpaka nje.

"Mama! Kuna nini?"

"Baba mkwe wangu yuko humo!"

"Babu? Babu alikufa kabla sijazaliwa. Uso wake uliuona lini?"

"Uso wa nini? Magoti yale ni yake! Kaa mbali, usinipitishe hapo tena."

Abbasi alikaa chini sakafuni akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Nilisema mimi! Mtu hatundikwi bila undugu!" Tobias alitokea kwenye mlango wa ndani, akamwona mkewe amesimama katikati ya chumba chake cha kulia, chumba alichokiomba ujana wake wote, meza ya watu wanane, chakula kinapoa, mama yuko nje kwa sababu ya magoti, na mume bado hajavuka kizingiti. Machozi yalikuwa yanamlengalenga mkewe.

"Hiki chumba," Agnetha alisema, "nimewajengea picha."

Tobias aliikamata meza kwa upande wake, akamwambia Abbasi, "Shika huko." Akafungua zile mbao mbili za mlango wa uani. Wakaiburuta meza, sahani zikigongana, mpaka ikatoka nusu, nusu ndani ya chumba na nusu uani. Akalishusha pazia jeupe la Julieth, likaanguka katikati ya meza na kuigawa. Upande wa ndani akaweka kiti chake, mbele ya bibi asiye na kidole. Upande wa nje akaweka kiti kwa ajili ya mtu ambaye hakumtaja, akarudi ndani haraka. Mlangoni penyewe, kwenye upenyo uliobaki kati ya meza na mwimo, akaweka kigoda.

"Mama Julieth," alisema, "hapo ni pako. Sote tunakula na wewe."

Basi ikawa hivyo. Apolinaria alikaa nje, na pazia likamkinga na magoti ya baba mkwe. Tobias alikaa ndani, na pazia likamkinga na mama mkwe. Abbasi alikaa chini ya babu yake asiyebeba mzigo. Agnetha alikaa kizingitini, goti moja ndani na goti moja nje, pazia limemkalia kichwani kama bi harusi, akipitisha bakuli huku na huku. Sala ya chakula alisoma mama kutoka nje, na Mmoravian, Mkatoliki na Abbasi wote wakasema amina kila mmoja kwa wakati wake.

Tobias alikula. Hatutaeleza alivyokula, ni mambo ya mtu na njaa yake. Lakini katikati ya kula alisikia sauti upande wa pili, sauti ndogo ya meno machache yakifanya kazi kwa uangalifu, akatambua kwamba mkwe naye anatafuna, na anamsikia yeye akitafuna, na mbingu hazijaanguka. Akapunguza kasi ili wasikilizane vizuri.

"Agnetha," sauti ya mama ilisema, "firigisi umeniwekea mimi. Firigisi ni ya mkwe."

"Kula tu, mama."

"Nile firigisi mkwe yupo?"

Na kabla Agnetha hajainuka, chini ya pazia likaanza kuja bakuli, likisukumwa na mkono. Tobias aliuona mkono ule, mweusi, mwembamba, umekunjamana, na pete ya ndoa imelegea kidoleni. Bakuli likanasa kwenye pindo. Mkono ukasukuma kwa nguvu. Pazia likaingia lote kwenye mchuzi, likaunyonya, wekundu ukapanda kwenye weupe mpaka usawa wa kiwiko.

"Mnaona!" Agnetha alisimama. Uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho wa njia. "Nitafua pazia kila mkila? Kila siku?" Akanyoosha mikono juu, akalinasua pazia kwenye ufito wa juu ya mlango, pete zikalia kri-kri-kri, akalivuta lote.

Tobias alikuwa na firigisi mdomoni. Hakupata nafasi ya kuinamisha kichwa.

Mbele yake, ng'ambo ya meza, alikaa Agnetha. Ndivyo alivyoona kwanza. Paji lile, mashavu yale, mdomo ule unaoanza kucheka upande mmoja kabla ya mwingine, ila umezeeka, na jicho moja lina ukungu. Uso alioukwepa kwa heshima tangu ujana wake ndio ule ule aliokuwa anaamka nao kila asubuhi, unasubiri tu miaka ijae. Hakuwa na haja ya kungoja foleni ya jeneza.

Apolinaria naye alikuwa amemkazia lile jicho zima. Alimtazama pole pole, kama alivyoitazama picha, kuanzia juu.

"Kumbe una mvi," alisema.

"Shikamoo, mama," Tobias alijibu, mdomo umejaa.

"Marahaba. Tafuna kwanza, mwanangu."

"Mama," Abbasi alinong'ona, akionyesha ukutani, "na yule mzee wa magoti? Anakuona."

Apolinaria hakunyanyua macho. "Akiona vibaya," alisema, "ageuke mwenyewe."

Agnetha alikwenda kulitumbukiza pazia kwenye beseni. Aliporudi alikiacha kigoda, akavuta kiti kwenye upenyo ule kati ya mama yake na mumewe, akanawa mikono upya, akaomba asogezewe mchuzi.